Timu ikifungwa, nani wa kuulizwa? Uongozi wa Simba na Yanga ukitazamwa kutoka Majimoto

Timu kubwa ikipoteza mechi, ujumbe unaoingia kwenye simu ya kipindi chetu cha michezo tunaujua hata kabla hatujaufungua. Kutoka Majimoto, Usevya, Mamba, Kasansa hadi Kibaoni, maneno ni yale yale: uongozi uondoke. Tukimpigia aliyetuma na kumuuliza ni kiongozi yupi anayetaka aondoke, na ni nani mwenye mamlaka ya kumwondoa, mara nyingi mazungumzo yanasimama hapo.

Makala hii inajibu swali hilo. Mfano wetu mkuu ni Simba, kwa sababu misimu minne kuanzia 2021/22 hadi 2024/25 ndiyo imewaumiza mashabiki wake kuliko kipindi kingine cha karibuni. Ndugu zetu wa Yanga wasicheke mapema, nao tutawafikia.

Jibu fupi ni hili. Katika klabu hizi mbili, wapo viongozi wanaochaguliwa na wanachama na wapo wanaoteuliwa na mwenye fedha au kuajiriwa na bodi. Kila kundi linaondoka kwa njia yake. Shabiki ambaye si mwanachama hana njia hata moja kati ya hizo, hata kama amenunua jezi kila msimu na hajakosa mechi kwenye kibanda umiza. Jibu refu linahitaji historia kidogo.

Simba ilifikaje hapo

Tarehe 25 Julai 2021, kwenye Uwanja wa Lake Tanganyika, Kigoma, Simba iliifunga Yanga 1-0 katika fainali ya Kombe la Shirikisho la nchi, bao la kichwa la Taddeo Lwanga. Wapo watu wa mkoa wetu waliosafiri kwenda kuishuhudia, kwa kuwa ni nadra mechi ya watani kuchezwa upande huu wa nchi. Simba ilikuwa imechukua ubingwa wa ligi mara nne mfululizo, kuanzia 2017/18 hadi 2020/21. Siku ile hakuna shabiki wa Msimbazi aliyekuwa na neno na uongozi.

Mwezi uliofuata klabu iliuza wachezaji wawili waliokuwa moyo wa timu, Luis Miquissone kwenda Al Ahly ya Misri na Clatous Chama kwenda RS Berkane ya Morocco. Kuuza si kosa. Klabu inaishi kwa kuuza. Lakini upande wa pili Yanga ilikuwa inawaleta Djigui Diarra, Khalid Aucho, Yannick Bangala, Djuma Shaban na Fiston Mayele. Mwaka uliofuata akaja Stephane Aziz Ki, na mwaka 2023 Pacome Zouzoua. Mwisho wa Septemba 2021 Mohammed Dewji, ambaye wote tunamwita Mo, aliachia uenyekiti wa bodi ya Simba, na nafasi yake ikachukuliwa na Salim Abdallah, maarufu Try Again.

Kuanzia hapo Yanga ikachukua ligi mara nne mfululizo nayo. Simba ikaanza kubadilisha makocha. Didier Gomes aliondoka Oktoba 2021. Akaja Pablo Franco, akaondoka Mei 2022. Akaja Zoran Maki, akaondoka Septemba mwaka huo huo. Juma Mgunda akashika timu, kisha Januari 2023 akaletwa Roberto Oliveira, yule Robertinho. Tarehe 5 Novemba 2023 Yanga ikaifunga Simba 5-1, na Robertinho akafungishwa virago siku chache baadaye. Akaja Abdelhak Benchikha, naye Aprili 2024 akaondoka, Mgunda akarudi tena kuokoa jahazi. Msimu huo Simba ilimaliza ya tatu. Ilikuwa na pointi 69 sawa na Azam, ikazidiwa kwa tofauti ya mabao, na kwa sababu hiyo ikakosa Ligi ya Mabingwa Afrika.

Fadlu Davids alikuja Julai 2024 na angalau alimaliza msimu. Aliifikisha Simba fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, ikafungwa na RS Berkane 2-0 kule Morocco na kutoka sare 1-1 Zanzibar, tarehe 25 Mei 2025. Mwezi mmoja baadaye, Juni 25, Yanga ikaifunga 2-0 na kubeba ubingwa. Septemba 2025 Fadlu naye akaondoka, akaenda Raja Casablanca.

Msikilizaji akisoma orodha hii anaelewa hasira inatoka wapi. Kufungwa na mtani kunauma, lakini kinachochosha zaidi ni kuambiwa kila mwaka kwamba sasa timu inajengwa upya. Hata hivyo tusimkubalie haraka anayesema ugonjwa wote ni kubadilisha makocha. Msimu wa 2024/25 Yanga iliongozwa na makocha watatu, Miguel Gamondi, Sead Ramovic na Miloud Hamdi, na bado ikawa bingwa. Kwa maoni yetu tofauti ilikuwa kwenye usajili. Yanga ilipobadilisha kocha, wachezaji wa maana walikuwepo wale wale. Simba ilibadilisha kocha na wachezaji kwa pamoja, kila kocha akaanza na watu ambao hakuwachagua.

Na haki isemwe: katika miaka hiyo hiyo minne Simba haikukosa robo fainali ya Afrika hata mara moja, iwe Ligi ya Mabingwa au Shirikisho. Zipo nchi ambazo klabu ya namna hiyo ingeitwa yenye mafanikio. Ila hapa kwetu ukifungwa na mtani, habari ya robo fainali haikusaidii kijiweni.

Juni 2024: waliotoka na aliyebaki

Hapa ndipo pa kujifunza namna uongozi unavyofanya kazi, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Desemba 2017 wanachama wa Simba walikutana Dar es Salaam na kukubali klabu iingie kwenye mfumo wa kampuni. Mo alitangazwa mshindi wa zabuni kwa ahadi ya kuwekeza shilingi bilioni 20. Mwanzo ilizungumzwa nusu kwa nusu, lakini Serikali ikaweka utaratibu kwamba katika klabu za wanachama, wanachama wabaki na asilimia 51 na mwekezaji asizidi 49. Ndiyo maana bodi ya Simba ina watu wa pande mbili: wa mwekezaji, ambao yeye huwateua, na wa wanachama, wanaotokana na uchaguzi. Mwenyekiti wa upande wa wanachama ni Murtaza Mangungu, aliyechaguliwa Februari 2021 na kuchaguliwa tena Januari 2023.

Baada ya msimu mbaya wa 2023/24, mashabiki walipiga kelele nchi nzima. Juni 2024 Try Again alitangaza kuachia ngazi, wajumbe wengine wa upande wa mwekezaji wakatoka pia, na Mo akarudi kuwa mwenyekiti wa bodi. Jambo hilo lilichukua siku chache tu, kwa sababu aliyewateua ndiye aliyetaka watoke.

Mashabiki wakageukia upande wa pili: Mangungu naye atoke. Hakutoka. Wengi waliotupigia wakati ule walimwona mkaidi. Ukimpenda au usimpende, hoja ilikuwa nyepesi: yeye hakuwekwa na Mo, na Mo hawezi kumwondoa. Aliwekwa kwa kura za wanachama katika mkutano mkuu, na njia ya kumtoa ni hiyo hiyo, au muda wake uishe, au ajiuzulu kwa hiari yake. Kelele za mitandaoni hazimo kwenye katiba ya klabu.

Kwa hiyo unaposema "uongozi uondoke", jiulize kwanza ni uongozi upi. Mtendaji mkuu ni mwajiriwa. Anaajiriwa na bodi na kuondolewa na bodi. Kocha ni vivyo hivyo, ila mkataba wake ukivunjwa kabla ya muda analipwa fidia, na asipolipwa anakwenda FIFA, na klabu inaweza kufungiwa kusajili mpaka ilipe. Kila unaposhangilia kocha kutimuliwa, kumbuka kuna hundi inaandikwa mahali.

Halafu yupo msemaji wa klabu. Huyu ndiye anayetukanwa kuliko wote, kwa sababu ndiye anayesikika redioni, na sisi tunaomweka hewani tunalijua hilo. Msemaji hasajili wala hatimui. Haji Manara aliisemea Simba kwa miaka, na Agosti 2021 akahamia Yanga kwenda kuisemea hiyo. Klabu zote mbili ziliendelea kuongozwa na watu wengine kabisa.

Zamani wanachama walifanyaje

Wazee wanaosema kwamba zamani wanachama walikuwa na nguvu wanasema kweli, lakini nguvu ile ilikuwa na gharama yake. Katikati ya miaka ya 1970 Yanga iligawanyika kwa ugomvi wa uongozi, na waliojitenga wakaanzisha Pan African. Haikuwa timu ya mchezo, maana mwaka 1982 ilichukua ubingwa wa nchi. Lakini Yanga iliyobaki nyuma iliumia: Julai 19, 1977 ilifungwa na Simba 6-0, kipigo ambacho bado hakijalipwa kwa idadi ile.

Simba nayo ilipita kwenye moto wake. Baada ya ubingwa wa 2011/12 haikuuona tena mpaka 2017/18. Mwishoni mwa 2013 kamati ya utendaji ilimsimamisha mwenyekiti Ismail Aden Rage akiwa safarini nje ya nchi, na TFF ikasema Rage bado ni mwenyekiti halali. Klabu ikawa na kamati na mwenyekiti wasioelewana, huku ligi ikiendelea. Shabiki wa wakati ule alijua kabisa nani wa kumlaumu. Hakunufaika chochote.

Sasa Yanga. Yusuf Manji, aliyekuwa mwenyekiti na mfadhili kwa wakati mmoja, alijiuzulu Mei 2017. Klabu iliyokuwa imechukua ligi mara tatu mfululizo ikajikuta haina mtu wa kulipa. Msimu wa 2018/19, chini ya kocha Mwinyi Zahera, mashabiki walichangishwa fedha ili timu iendelee, na watani wakaita "bakuli", neno ambalo bado linatumika vijiweni kumnyamazisha mtu wa Yanga. Tunawakumbusha watani, hata hivyo, kwamba timu hiyo ya bakuli ilimaliza ligi ikiwa ya pili.

Mei 2019 Yanga ilimchagua Mshindo Msolla kuwa mwenyekiti, GSM ikaingia kwa nguvu kama mdhamini, na Juni 2021 wanachama wakapitisha mabadiliko ya katiba. Julai 2022 Hersi Said, aliyekuwa mtu wa GSM, akachaguliwa rais wa klabu. Miaka minne ya unyonge, kisha miaka minne ya raha. Shabiki wa Yanga aliyetulaumu mwaka 2018 kwamba hatumsemei vya kutosha, leo anataka tumcheke wa Simba. Lakini atueleze: fedha zikiondoka tena kama mwaka 2017, safari hii klabu imejipanga vipi? Hilo ndilo swali la kumuuliza kiongozi wakati timu inashinda, kwa sababu akiulizwa wakati timu inafungwa huwa amechelewa.

Shabiki na mwanachama

Msikilizaji mmoja wa Majimoto alitupinga hewani. Hoja yake: yeye analipa kiingilio kwenye kibanda, ananunua jezi, ananunua bando kufuatilia habari, kwa nini asiwe na sauti? Hoja yake ina uzito. Fedha za mpira wa sasa zinatokana na macho ya watu kama yeye. Mwaka 2021 Azam Media ilisaini na TFF mkataba wa miaka 10 wa kuonyesha ligi wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Mkataba huo haupo bila watu wanaotazama, na watazamaji wengi wako vijijini, wala hawajawahi kuingia Uwanja wa Benjamin Mkapa.

Lakini katiba za klabu hazimtambui mtazamaji. Zinamtambua mwanachama, mwenye kadi na aliyelipa ada yake. Mwanachama ndiye anayepiga kura, anayegombea, na anayeweza kuhoji hesabu katika mkutano mkuu. Yanga katika mfumo wake mpya mkutano mkuu ni wa wajumbe waliotoka kwenye matawi. Kama wilaya haina tawi lililo hai, haina mjumbe. Kwa Simba, katika uchaguzi wa Januari 2023, mwanachama alipiga kura mwenyewe ukumbini Dar es Salaam. Kutoka Majimoto hadi Mpanda ni safari, na kutoka Mpanda hadi Dar ni zaidi ya kilomita 1,000. Ukweli ni kwamba mfumo wa aina hiyo unampa nguvu mtu wa Kariakoo kuliko mkulima wa mpunga wa Mpimbwe, na hili tunadhani ni jambo la kulalamikia kuliko hata mabao matano.

Kabla ya kutoa fedha ya kadi au ya tawi, fuatilia namba ya malipo iliyotangazwa na klabu yenyewe kwenye kurasa zake rasmi. Usitume kwa namba ya mtu binafsi kwa sababu tu anajiita mratibu wa matawi. Omba risiti au ujumbe wa uthibitisho, na uliza ada inaisha lini, kwa sababu mwenye ada iliyoisha huenda asiruhusiwe kupiga kura hata akiwa na kadi ya miaka 10.

Wenye shida kubwa zaidi

Shabiki wa Simba au Yanga, pamoja na machungu yake yote, ana hakika timu itakuwepo msimu ujao na kwa jina lile lile. Majirani zetu hawana hakika hiyo. Ihefu ya Mbarali, iliyoifunga Yanga 2-1 Novemba 2022 na kuikatia mfululizo wa mechi 49 za ligi bila kufungwa, ilihamishwa na leo ni Singida Black Stars. Watu wa Ubaruku hawakupigiwa kura.

Tabora, ambako treni yetu ya Mpanda inaelekea, ilipata timu ya Ligi Kuu mwaka 2023, Kitayosce, iliyokuwa imetokea Kilimanjaro. Mechi yake ya kwanza dhidi ya Azam, Agosti 2023, iliingia uwanjani na wachezaji wanane tu kwa sababu ya matatizo ya usajili. Wawili walipoumia, wakabaki pungufu ya saba na mwamuzi akamaliza mchezo kabla ya mapumziko, Azam ikiwa mbele 4-0. Huo ndio uzembe wa uongozi ulio wazi kabisa: hata kocha bora duniani hawezi kushinda na watu wanane. Timu ikabadilishwa jina kuwa Tabora United, ikajirekebisha hadi kuifunga Yanga 3-1 Novemba 2024, na mwaka 2025 ikapata mmiliki na jina jipya, TRA United. Majina matatu ndani ya miaka mitatu. Mshona jezi anapata kazi, shabiki anachanganyikiwa.

Katavi hatuna timu Ligi Kuu, kwa hiyo hasira zetu zote tunazituma mbali. Wapo wanaotuambia tungezielekeza kwenye kuinua timu za hapa Mpanda, na siku nyingine tutalizungumza hilo kwa kirefu.

Kwa sasa, kama kuna kundi hapa Majimoto linalotaka kuanzisha tawi au kufufua lililolala, muulizeni mjumbe mtakayemtuma mambo matatu. Mikataba ya makocha iliyovunjwa tangu 2021 imegharimu shilingi ngapi? Fedha ya mauzo ya wachezaji iliingia akaunti ipi, ya klabu au ya kampuni? Na mwanachama wa mkoani atashirikije uchaguzi ujao bila kupanda basi siku mbili? Akirudi na majibu, simu ya kipindi iko wazi.